Nilivyokufa Karama kwa Ajili ya Godoro

Mkinikuta hapa Karama, Dubai, mkasikia mtu ananiita Marehemu, msishtuke wala msinionee huruma, hilo ndilo jina langu siku hizi, na nimelizoea kiasi kwamba mtu akiniita Barasa nageuka kutazama anaitwa nani. Aibu yake nimeshaila mpaka nikalamba sahani. Lakini afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkisubiri kusimuliwa na Oti (huyo ni jamaa tunayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu, na kazi yake ni ulinzi, kwa hiyo ana muda mwingi wa kusimama na kutunga uongo) ataongeza chumvi, na mkasa huu hauhitaji hata punje.

Wakati huo nilikuwa muuzaji katika duka la magodoro. Duka lenyewe si kubwa, lakini lina dirisha pana la kioo linalotazama barabara, na mbele yake kuna taa za kuongozea magari, ambapo mabasi husimama zaidi kuliko yanavyotembea (hilo dirisha na hayo mabasi yawekeni akilini). Meneja wetu aliitwa Sir Nabil, mtu mpole mwenye tumbo na wasiwasi, na Oktoba hiyo wasiwasi ulikuwa umelizidi tumbo, maana wateja walikuwa wakiingia kupunga hewa ya AC, wanakaa juu ya vitanda vyetu, wanapumzika vizuri, wanashukuru, wanaondoka.

Basi siku moja Sir Nabil akaenda mall kubwa moja, akarudi macho yanang'aa. Huko kila duka limepamba maboga ya plastiki na buibui na mafuvu kwa ajili ya Halloween, ile siku ya Wazungu ya kujifanya mizimu, na watu wanajaa, wanapiga picha, wananunua. Hata mtaani kwetu ugonjwa ulikuwa umeshaingia: saluni ya jirani inapaka kucha rangi nyeusi kwa punguzo, na yule wa kafeteria amening'iniza mifupa ya plastiki mlangoni, pembeni kabisa ya kuku wa kuzungushwa, mpaka wateja wanauliza kama hao ndio waliokula hapo jana.

"Na sisi tunauza usingizi," Sir Nabil akatuambia, mimi na Maricel, dada Mfilipino wa kaunta. "Sasa nani analala kuliko watu wote? Maiti! Tutaweka jeneza dirishani, ndani tunatandika godoro letu bora, juu tunaandika: Laini, hata wafu hawataki kuamka."

Mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu jeneza si kitu cha kuchezea, ukipita tu mbele ya seremala anayeyaunda unavuka barabara, na ukiulizwa unasema upande ule kuna kivuli. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini Sir Nabil akaendelea kusema kwamba anahitaji mtu wa kulala humo Ijumaa, kwa sababu mwanasesere aliyemwazima kwa fundi nguo hana kichwa na maiti asiye na kichwa hauzi usingizi, na kwamba atakayekubali atapewa lile godoro la maonyesho, la watu wawili, liwe lake. Watu wawili! Hapo masikio yangu yakafunguka, na sababu ya kufunguka kwake ni Damaris.

Damaris ni dada wa Kisii anayemtunza bibi mmoja mzee asiyeweza kutembea, kule Jumeirah, mapumziko yake ni Ijumaa peke yake, na Ijumaa hiyo yote anaitoa kwa Mungu na kwaya, ambako mimi huimba besi. Nilikuwa nimemwomba tuoane. Hakucheka (nilidhani angecheka), hakukataa, alisema tu, "Nipe muda niombe, Barasa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ibada ikiisha, nitakupa jibu." Mwezi mzima nikawa napima magodoro vibaya, mteja anataka futi nne mimi naleta sita. Na Ijumaa hiyo ya mwisho wa mwezi ndiyo hiyo hiyo ya Halloween. Nikawaza, mwanamume anayengoja jibu kubwa namna hiyo lazima awe na kitu cha kuonyesha, na mali yangu yote hapa Dubai ilikuwa kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane, na godoro lililochoka mpaka likawa chapati. Nikamwambia, "Sir, mimi nitalala."

Kikwazo kilikuwa kimoja. Sisi huku tunasali Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko (Jumapili ni kazi kama Jumatatu ya kwenu), tunakodi ukumbi katika hoteli moja ya zamani hapo hapo Karama, na zamu yetu huanza saa kumi jioni, Wafilipino na Wahindi wakishamaliza zao. Na Ijumaa iliyotangulia, Mchungaji Okello, Mganda mwenye sauti inayojaza ukumbi bila maiki lakini maiki lazima aishike, alikuwa amehubiri juu ya Halloween hiyo hiyo. "Nyinyi watu!" alisema. "Nikimwona mtu wangu amevaa sura ya pepo, asije hapa kuniambia ati Pastor, ilikuwa ni kazi!" Aliyeitikia amina kubwa kuliko wote alikuwa Damaris.

Kwa hiyo lazima iwe siri. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: nalala jenezani watu wakitoka swala ya Ijumaa, saa kumi naamka, nanawa uso, nakimbia, nawakuta bado wako kwenye sifa, nani atajua? Ila ili kuchelewa kwangu kusilete maswali, nikamwandikia Oti ujumbe mmoja, kitu kidogo tu: "Leo sijisikii poa kabisa. Niombeeni. Nikipata nguvu nitakuja." Kisha nikazima simu na Sir Nabil akaifungia kwenye droo ya kaunta, akisema maiti hapokei simu.

Ningekuwa na akili ningeandika kwamba niko kazini, na kazini nilikuwa kweli.

Maricel alikuwa amesomea mambo ya kupaka watu nyuso huko kwao, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kumwuliza, sasa leo amepata uso. Alinipaka kijivu, akanizungushia weusi machoni, akanikausha midomo. Koti la suti lilikuwa la Sir Nabil, na kwa vile yeye ni mpana na mfupi na mimi ni mwembamba na mrefu, walilipasua mgongoni wakalibana kwa pini ili mbele likae vizuri, na suruali hawakuhangaika nayo, kuanzia kiunoni nilifunikwa shuka la hariri na chini yake nilivaa kaptula yangu nyekundu ya mpira. Maricel akarudi nyuma, akanitazama, akasema bado ninafanana na mtu aliyetoka tu zamu ya usiku. Na mimi, kwa ujuaji wangu (ningenyamaza wakati huo leo ningekuwa na jina langu), nikamwambia kwetu maiti hakamiliki mpaka awekwe pamba puani. Sir Nabil akapiga makofi. Pamba ikaletwa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: nalala kimya na mishumaa pande zote, watu wakijaa kiooni naketi ghafla, napiga mwayo, nasema, "Dakika tano tu zaidi!" halafu nalala tena, na Sir Nabil mlangoni, katika suti yake nyingine, anagawa makaratasi yenye picha na bei. Mara ya kwanza ilifana sana. Wasichana wawili walipiga kelele wakaangua kicheko, mzee mmoja akaingia akanunua mto. Mara ya pili ilifana zaidi. Mara ya tatu sikumbuki, kwa sababu, jamani, lile godoro lilikuwa zuri kweli. Nilikuwa nimeliuza miaka miwili bila kuliamini. Liliniingia mgongoni likanibembeleza kama mtoto, na mimi nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nishuke kwenye ndege.

Yaliyofuata nilikuja kusimuliwa. Kuna mama mmoja anaitwa Mama Njeri, yeye hufunga safari kutoka Nairobi kuja soko la Naif hapa Dubai kununua mali ya duka lake, na akiwa hapa husali nasi. Ijumaa hiyo alikuwa ndani ya basi na mafurushi yake, basi likasimama kwenye zile taa, akatupa macho dirishani. Akaona jeneza. Akaona mishumaa. Akaona watu wamepanga foleni wanapita mmoja mmoja kutazama, kama tunavyotazama sisi mwili wa mpendwa wetu, na mlangoni mwanamume mnene mwenye suti anagawa karatasi zenye picha. Tangazo la juu hakuliona, paa la kituo cha mabasi kilicho mbele ya duka lilikuwa limelikinga. Akanitazama uso, akaona pamba, akapiga picha, basi likaondoka.

Aliandika kwenye kundi la simu la kanisa: "Jameni watu wa Mungu. Huyu si Barasa wetu wa besi? Nimempita saa hii kwa kazi yao. Pamba iko puani. Hata program za mazishi wanagawa. Kwani alikufa lini na hatujaambiwa?"

Watu wakanipigia, simu imezimwa. Wakamwuliza Oti. Na Oti, mwanaume mzima, mlinzi aliyefundishwa kuhakikisha jambo kabla ya kupiga kengele, akaandika: "Asubuhi aliniambia hajisikii poa. Aliomba tumwombee. Wueh! Ndugu yangu alijua."

Hapo sasa. Mnatujua. Wakenya watatu wakikutana ugenini, wa kwanza ni mwenyekiti, wa pili ni mweka hazina, na wa tatu anamshuku mweka hazina. Kabla chai haijachemka kulikuwa na kundi jipya, "Safari ya Mwisho ya Ndugu Barasa", mwenyekiti Oti, kamati ya usafiri, kamati ya chakula, na picha yangu ya kwaya waliyoikata vibaya mpaka bega la jirani yangu likaonekana kama nundu yangu. Akina mama wa kamati ya chakula wakakimbilia jikoni kukaanga mandazi ya matanga. Jambo moja tu walilofanya vyema, na hili namshukuru Oti mpaka leo, ni kwamba aliandika kwa herufi kubwa kuwa habari ya msiba haipelekwi kwa mama mzazi kwa simu, mpaka mzee atumwe nyumbani aende kwa miguu yake. Kwa hiyo mama yangu Bungoma aliendelea kupalilia kunde zake siku hiyo bila kujua kwamba amefiwa.

Mimi niliamshwa na Maricel. "Barasa! Yalla, amka, umelala kweli!" Nilifumbua macho nikaona hariri nyeupe, mishumaa, na nyuso nyingi nyuma ya kioo zinanitazama kimya, na sitawaficha, kwa muda mfupi niliamini nimekufa na nikasikitika kwamba mbinguni kuna Wafilipino na Wahindi tu. Nje jua limeshalegea. Saa kumi na moja imepita! Kumbe nilikoroma mchana kutwa na watu walidhani kukoroma ni sehemu ya tangazo, wakaingia kuuliza hilo godoro ni lipi, na Sir Nabil aliuza mpaka akatoka mwenyewe na gari kuwapelekea wateja, na ufunguo wa stoo mfukoni mwake. Nguo zangu zilikuwa stoo.

Bahati nzuri ufunguo wa droo alikuwa nao Maricel, akanitolea simu, nikaiwasha. Ikaanza kutetemeka mkononi mwangu na haikuacha. Nikafungua kundi ambalo sikulijua (waliniingiza mimi pia, walichukua majina yote ya kanisa bila kutazama) nikasoma rambirambi zangu kuanzia juu hadi chini, na ujumbe wa mwisho ulisema: "Mchungaji ameigeuza ibada yote iwe ya Barasa. Mchumba wa marehemu, Dada Damaris, atazungumza mwisho. Amelia sana."

Mchumba! Neno ambalo mimi mwenyewe nilikuwa naliogopa kulitamka kabla ya kupewa jibu, kamati ilikuwa imeshaliidhinisha. Lakini kilichonikata maini ni hayo maneno mawili ya mwisho. Nikaandika haraka: "Jamani mimi mzima. Niko kazini." Jibu likaja papo hapo kutoka kwa katibu: "Anayetumia simu ya marehemu amwogope Mungu." Mwingine akaongeza: "Wezi wa huko kazini kwake, mwili hata haujapoa!" Na kabla sijajibu, Oti akaniondoa kwenye kundi. Nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kufukuzwa harusini, lakini kufukuzwa katika matanga yangu mwenyewe sikutarajia. Nikampigia Oti. Akapokea. Nikasema, "Oti, ni mimi." Nikasikia pumzi, halafu sauti nyembamba ambayo sikujua kwamba Oti anayo: "Kwa jina la Yesu!" Akakata.

Nilijua kitu kimoja tu: Damaris akisikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba nilimdanganya, na kwamba machozi yale yote yalikuwa ya tangazo la godoro, basi hilo jibu sitalipata milele. Ni lazima nifike mimi kwanza, anione kwa macho yake. Nikajipangusa uso kwa tishu na maji ya kunywa, ule weusi wa machoni ukateremka hadi kidevuni, Maricel akaziba mdomo akasema sasa ni mbaya zaidi, nikatoka mbio.

Basi nionyesheni mtu aliyewahi kukimbia Karama mzima mzima akiwa na koti la suti lililo wazi mgongoni na kaptula nyekundu ya mpira. Teksi moja ilisimama, dereva akateremsha kioo, akaniona vizuri, akasema "Astaghfirullah" akaondoka hata kioo hajakipandisha. Nikapita mbele ya kafeteria, wateja wakashangilia, mwenye kafeteria akapaza sauti akitaka kujua duka letu linanilipa kiasi gani. Watoto wawili wa Kihindi wakanifuata hadi kona wakiniomba peremende, kama ilivyo desturi ya Halloween. Mimi nakimbia tu, pini zinanichoma mbavu, na pamba ya pua moja bado imo ndani kabisa kwa sababu nilivyoivuta ilikatika.

Kwenye mapokezi ya ile hoteli yupo kijana aliyezoea vituko vya Ijumaa, alininyanyulia macho, akanyoosha kidole kwenye ngazi, akaendelea na simu yake. Nikapanda. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kidogo. Nilikuwa na nia ya kuingia moja kwa moja, naapa, mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kitasa, ndipo nikasikia Oti kwenye maiki.

"Barasa hakuwa rafiki, alikuwa ndugu," alisema huku analia. "Mtu msafi. Mtu mkarimu. Hajawahi kugusa chakula cha mwenzake."

(Usiku uliopita tu tuligombana mpaka jirani akagonga ukuta, kwa sababu ya samaki wake niliyemkuta kwenye jokofu.)

Jamani, niwaambie kitu, kusifiwa ni kutamu. Katika maisha yangu yote nikiwa hai sikuwahi kusikia mtu akinisema vizuri kwa dakika mbili mfululizo, na sasa wanapokezana maiki. Kiongozi wa kwaya akasema besi yangu ilikuwa nguzo ya kanisa, yeye ambaye kila mazoezi huniambia nifungue mdomo tu nisitoe sauti. Mama Njeri akasema alinipenda kama mwanawe. Nikajisemea, acha huyu amalize ndipo niingie, halafu acha na huyu, na machozi yakanilengalenga, nikawa naujutia sana ule ujana wangu uliokatizwa.

Kisha nikaisikia sauti ya Damaris.

"Mimi sina mengi," alisema, polepole. "Leo ibada ikiisha, nilikuwa nimpe Barasa jibu. Aliniomba tuoane. Nimeomba mwezi mzima, nimefunga. Nilikuwa nimeshalipata jibu tangu wiki ya kwanza, lakini nikasema wacha angoje kidogo asije akafikiri mimi ni rahisi." Akapenga kamasi. "Nilikuwa nimwambie ndiyo."

Mniambie ninyi, mngefanyaje? Nilisahau kwamba nimekufa. Nilisahau uso, kaptula, pamba, mahubiri, kila kitu, nikausukuma ule mlango kwa mikono miwili, nikaruka ndani mikono juu, nikapaza sauti: "HALELUYA!"

Ukumbi ule una mlango mmoja, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi. Kwa hiyo watu walikimbia hadi ukutani, wakarudi walikoanzia. Viti vya plastiki viliruka. Oti, mwenyekiti wa kamati, mlinzi wa watu na mali, alipita juu ya kinanda bila kukigusa, akajibanza nyuma ya pazia, viatu nje. Kwaya yote ilishuka sakafuni kwa sauti nne. Mchungaji Okello, na hili lazima nimpe haki yake, hakukimbia, alishika chupa ya mafuta ya upako kwa mkono mmoja na maiki kwa mwingine akaanza kunijia huku ananguruma, "Toka! Toka ndani yake! Rudi ulikotoka!" na mimi nasema, "Pastor, ilikuwa ni kazi!" na nikakumbuka, maneno yakishanitoka, kwamba hayo ndiyo maneno aliyotukataza. Akanimiminia chupa nzima. Mama Njeri naye alitokea upande, akanipiga kichwani kwa mkoba, mara moja, kunihakikisha, mkono wake ukasikia mfupa, akapiga yowe kubwa zaidi: "Ako na mwili! Ako na mwili!"

Mtu mmoja tu hakusogea. Damaris alibaki pale pale mbele, leso mkononi, ananitazama mafuta yakinichuruzika na ule weusi wote hadi kifuani. Kisha akaja. Hata Oti akachungulia. Akafika mbele yangu, akanyoosha vidole viwili, akaichomoa ile pamba iliyobaki puani mwangu, polepole kama anavyomtoa yule bibi anayemtunza kitu machoni, akaitazama.

"Ulisema hujisikii poa," akasema.

"Damaris, nitakueleza."

"Eleza."

Nikaeleza, mbele ya kanisa lote, kwenye maiki (Mchungaji alinishikia yeye mwenyewe, hakuniachia), kuanzia Sir Nabil na maboga, hadi godoro la watu wawili. Nilipofika kwenye godoro la watu wawili nikaona aibu ambayo mpaka leo ikinijia niko kwenye metro nafumba macho. Kuna mtu nyuma akaanza kucheka. Alikuwa Mama Njeri. Kisha wakacheka wote, kicheko cha watu waliolia tangu saa kumi, Mchungaji akacheka mpaka akalazimika kuiweka maiki chini, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Damaris hakucheka.

"Sasa Damaris," nikasema, nikijipa moyo, "nimesikia jibu lako pale mlangoni."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Lile nilimpa marehemu," akasema. "Marehemu alikuwa mtu msafi, mkarimu, hajawahi kugusa chakula cha mwenzake. Wewe sikujui. Kama una ombi, leta upya." Akachukua mkoba wake na kwenda kusaidia kugawa mandazi, kwa maana mandazi yalikuwa yameshakaangwa na chakula cha matanga hakimwagwi. Nami nilikula manne, nimesimama peke yangu kona, mgongo ukutani kwa sababu ya lile koti.

Godoro nilipewa, Sir Nabil ni mtu wa neno lake, ila chumba cha watu wanane hakina pa kulilaza, likasimamishwa ukutani na wenzangu wakawa wanaliegemea wakila. Jeneza halikumaliza wiki: picha zilimfikia kafeel, mwenye duka, ambaye hatujawahi kumwona, akapiga simu moja tu, "Khalas, ondoeni hiyo," likageuzwa kuwa sanduku la mito. Lakini mauzo yalikuwa mauzo, na mwaka uliofuata Oktoba ilipoingia Sir Nabil akaanza tena kunizungukazunguka, anasema safari hii ni mazimwi tu, mavazi kamili, hata suruali. Nikamwambia, "Sir, weka boga. Boga halina mchumba." Na tangu siku hiyo nimeapa: sitajifanya mgonjwa nikiwa mzima, na sitasimama mlangoni kusikiliza nikisifiwa, maana sifa za bure hulipiwa.

Ombi nililipeleka upya. Nililipeleka Ijumaa nikiwa nimeoga, nimevaa shati zima mbele na nyuma, bila tangazo lolote. Alinizungusha miezi mitatu. Halafu jioni moja, tumekaa kwenye benchi nje ya kituo cha metro, watu wanapita na mifuko yao, akanishika mkono ghafla. Nikafikiri ni mapenzi. Kumbe ameweka vidole viwili kwenye kifundo, pale wanapopimia wagonjwa mapigo ya moyo, macho kwenye saa yake, midomo inahesabu. Akahesabu mpaka akaridhika, akaushusha mkono wangu taratibu mapajani mwake.

"Haya," akasema. "Sasa najua namjibu nani."